Barazani kwa Katekista: Mtu wa Daftari



Tumepata barua ya baba mmoja wa familia, naye atuomba shauri. Kijana wake amemaliza Kidato cha Nne, hisabati ameshinda vema, na sasa ataka kwenda kujifunza uhasibu. Baba huyu ana mashaka mawili. La kwanza, aona kwamba hiyo ni kazi ya kukaa kitini na kuhesabu fedha za watu wengine, wala hajui itamfikisha wapi mwanawe. La pili, nalo ndilo limkoseshalo usingizi, amewaona watu wema waliokabidhiwa fedha, kisha wakaharibika. Aogopa kumsukuma mtoto wake penye mtego. Auliza: Je, kazi hii yamfaa Mkristo?

Tumeisoma barua hii mara tatu, maana jambo lenyewe limetugusa sisi wenyewe, kama mtakavyoona mbele. Basi leo tuketi barazani tulizungumze polepole.

Kwanza tujue kazi yenyewe ni nini. Wengi wadhani mhasibu ni mtu wa kuhesabu fedha. Sivyo. Kuhesabu noti hata mtoto wa dukani ajua. Mhasibu ni shahidi. Aandika fedha ilitoka wapi, ikaenda wapi, kwa amri ya nani, siku gani, na hati gani yashuhudia. Mwenye mali akiwa mbali, au akiwa hajui kusoma, au wenye mali wakiwa ni watu elfu wasioweza kukaa pamoja, mhasibu ndiye awaambiaye kweli juu ya mali yao. Wazee wetu wa pwani, waliofanya biashara tangu zamani, walilifupisha jambo hili kwa maneno machache: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tazameni, hawakusema huibwa. Walisema hupotea. Mara nyingi hapana mwizi, ila hapana maandiko.

Tena kazi hii si ngeni katika mambo ya Mungu. Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 38. Wengi wetu huipita sura hiyo upesi, maana yaonekana kama orodha kavu tu ya vitu vya hema. Lakini mwenye jicho la mhasibu hufurahi aisomapo. Musa aliamuru hesabu ya hema ifanywe, nao Walawi wakaifanya chini ya mkono wa Ithamari, mwana wa Haruni kuhani. Imeandikwa kwamba wanaume waliohesabiwa walikuwa 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli ya fedha. Jumla iliyopatikana ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775.

Sasa chukueni kalamu mjaribu wenyewe. Gawanyeni 603,550 kwa mbili, mtapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, basi talanta 100 ni shekeli 300,000. Ongezeni zile 1,775. Jumla ni 301,775, wala haizidi wala haipungui hata nusu shekeli. Na bado hesabu haijaisha, maana yafuata matumizi. Talanta 100 zilitumika kusubu vitako 100, kila kitako talanta moja. Zile shekeli 1,775 zilizobaki zilitumika kwa kulabu za nguzo na kufunika vichwa vyake. Kilichoingia na kilichotoka vyalingana. Musa alikuwa mtu aliyesema na Mungu, wala hakuna aliyethubutu kumdai hesabu. Hata hivyo aliitoa mwenyewe, kabla ya kuulizwa.

Yako na mengine. Mfalme Yoashi alipotaka kutengeneza nyumba ya Mungu, kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, watu wakatia sadaka humo. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja kuhesabu. Walikuja wawili, mmoja wa upande wa mfalme na mmoja wa upande wa nyumba ya Mungu. Ezra naye alipotoka Babeli alipima fedha na dhahabu mbele ya makuhani 12, na walipofika Yerusalemu vikapimwa tena, hesabu na uzito vikaandikwa vyote. Na Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini, hakukubali kuubeba peke yake. Alitaka ndugu wengine wafuatane nao, mtu asipate neno la kumlaumu. Wahasibu wa leo wana majina marefu kwa mambo haya, lakini mambo ni yale yale: wawili wahesabu, kilichopimwa kinapotoka hupimwa tena kinapofika, na kila kitu huandikwa.

Hata ule utaratibu wa daftari utumikao leo duniani kote ulienezwa kwa kalamu ya mtawa. Wafanya biashara wa Italia walikuwa wakiutumia tangu zamani, lakini Fra Luca Pacioli, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, ndiye aliyeueleza katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Venice mwaka 1494. Utaratibu wenyewe ni huu, kwamba kila jambo la fedha huandikwa mahali pawili. Ukinunua gunia la saruji, waandika kwamba saruji imeingia, na waandika pia kwamba fedha imetoka. Mwisho wa mwezi waziweka pande mbili bega kwa bega. Zisipolingana, wajua kwamba umekosa mahali fulani, wala hulali kwa amani mpaka uone ni wapi.

Sasa, ndugu zetu, hatuna budi kusimulia jambo letu wenyewe, ijapokuwa linatuaibisha. Tumefikiri sana kama yafaa kuliandika. Tumeona yafaa, maana tusingeweza kumjibu baba yule kwa haki huku tumelificha.

Miaka kadha iliyopita kigango chetu kilichanga fedha za kuezeka kanisa. Jumuiya ndogondogo zilileta, nasi tukapokea na kuandika. Katika daftari letu jumla ilikuwa shilingi 680,000. Tulinunua mabati 24 kwa bei ya shilingi 22,000 kila moja, yaani shilingi 528,000. Misumari ilikuwa shilingi 20,000, na gari la kuyaleta shilingi 40,000. Matumizi yote yakawa shilingi 588,000. Basi katika kopo la fedha zilipasa kubaki shilingi 92,000. Siku ya kusoma hesabu tulifungua kopo mbele ya wazee, tukakuta shilingi 57,000. Zilipungua shilingi 35,000.

Kopo lile lilikuwa likikaa nyumbani kwetu. Lakini Jumapili kadha, tulipokwenda kufundisha vigango vingine, alilishika mama mmoja mjane, mweka hazina msaidizi. Watu hawakusema neno kwa sauti. Walimtazama tu. Katika Jumapili iliyofuata mama yule aliketi benchi la nyuma kabisa, na walipotoka nje hapakuwa na mtu aliyefuatana naye njiani. Nasi tulinyamaza. Hatukumshitaki, lakini tulinyamaza Jumapili mbili, na kunyamaza kwetu kulimshitaki kuliko maneno. Katika moyo wetu tulijua kwamba hatukuiba. Hatukuuliza zaidi ya hapo.

Palikuwapo binti mmoja wa kigango, ambaye sisi wenyewe tulimfundisha katekisimu hata akapata Komunyo ya Kwanza. Wakati ule alikuwa likizoni, akisomea stashahada ya uhasibu. Alikuja kwetu jioni, akasalimu kwa adabu, akasema, “Mwalimu, naomba daftari, na karatasi zote, hata zilizochanika.” Tukampa. Alikaa nazo jioni mbili chini ya taa. Mchana alizunguka kwa viongozi wa jumuiya, akiomba kuona vijitabu vyao.

Jioni ya tatu alirudi na karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula. Alisema, “Mwalimu, upungufu huu ni wa mambo matatu.”

La kwanza, jumuiya moja ilileta shilingi 45,000, nasi tukaandika 54,000. Tarakimu mbili zilibadilishana mahali. Basi shilingi 9,000 hazikupotea, kwa kuwa hazikuwako tangu mwanzo. Akatufundisha siri moja ya kazi yao: tarakimu zikigeuzana mahali, tofauti itokeayo hugawanyika kwa tisa sikuzote. Mhasibu akipata pengo ligawanyikalo kwa tisa, kwanza hutafuta tarakimu zilizogeuzwa.

La pili, shilingi 20,000 zilitolewa usiku mmoja kumpeleka mzee mgonjwa hospitali. Mwenye gari alikumbuka, na mke wa mgonjwa alikumbuka. Sisi ndio tuliozitoa kwa mkono wetu, tukasahau kuandika. Tendo lilikuwa jema, lakini halikuwa na hati.

Hapo alinyamaza kidogo. Zilibaki shilingi 6,000.

Alisema, “Mwalimu, hizi sikuziona kwa mtu mwingine yeyote.” Naye hakuongeza neno.

Ndipo tulipokumbuka. Wiki moja mshahara ulichelewa, nasi tulitoa katika kopo fedha ya sukari na mafuta ya taa, tukisema moyoni, tutarudisha Jumamosi. Jumamosi ilipita. Tulisahau kabisa, au labda tulipenda kusahau.

Twaona haya kusema neno tulilolisema baadaye. Tulimwambia, “Mwanangu, ziandike tu katika gharama ndogondogo.” Yeye alikuwa mtoto wetu wa katekisimu, nasi tulikuwa mwalimu wake. Machozi yalimlengalenga. Alisema, “Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha amri ya nane. Nikiandika hivyo, mama yule atabaki na lawama, na karatasi hii itakuwa ushahidi wa uongo wenye sahihi yangu.”

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kigango, tukaisoma karatasi ile yote, pamoja na mstari wa mwisho wenye jina letu. Tulirudisha shilingi 6,000 mbele ya watu. Tukamwomba radhi mama yule kwa sauti, maana lawama yake nayo ilikuwa ya hadharani. Alitusamehe. Hakurudi kushika kopo kwa mwaka mzima, wala hatukuweza kumlaumu kwa hilo.

Tangu siku ile kopo lina funguo mbili kwa watu wawili, kila atoaye hupewa stakabadhi, na kila kitokacho kina hati yenye sahihi. Na tangu siku ile, mtu akituuliza kama kazi ya uhasibu yamfaa Mkristo, twamwona yule binti na karatasi yake. Katika jioni tatu alimwondolea mjane aibu, na sisi alituokoa katika dhambi iliyokuwa ikianza kuota mizizi. Je, tumwite huyo mtu wa kuhesabu fedha tu?

Basi tumjibu baba juu ya njia yenyewe, maana kijana hawezi kwenda kwa nia njema tu.

Shuleni kijana asiache hisabati, naye ajitahidi pia katika lugha, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu hesabu isiyoelezeka haimfai mwenye mali. Sekondari zenye masomo ya biashara hufundisha utunzaji wa hesabu, na katika Kidato cha Tano na cha Sita uko mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu. Asiyepata kwenda huko asikate tamaa. Aweza kuanza kwa cheti, kisha stashahada, kisha shahada, akipanda ngazi moja moja. Katika Tanzania viko vyuo vijulikanavyo kwa kazi hii: Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, Chuo cha Uhasibu Arusha, Chuo Kikuu Mzumbe, na Taasisi ya Uhasibu Tanzania yenye matawi Dar es Salaam, Mbeya, Mtwara, Singida, Mwanza na Kigoma. Mzazi aulize chuoni kwenyewe juu ya ada na masharti, asitegemee maneno ya njiani.

Lakini chuo si mwisho. Iko Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambayo huandikisha wahasibu na wakaguzi na kuwatahini. Mitihani yake hufanywa kila mwaka. Mwenye shahada ya uhasibu huweza kusamehewa baadhi ya mitihani ya ngazi za chini, lakini ile ya mwisho haina njia ya mkato. Anayeishinda, na kufanya kazi kwa muda uliowekwa chini ya uangalizi, huandikishwa kuwa mhasibu mwenye idhini, ndiyo ile CPA mnayoisikia ikitajwa. Ndugu zetu wa Kenya wana bodi yao ya mitihani, KASNEB, iliyoanza mwaka 1969. Wale wa Uganda wana chama chao cha wahasibu kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992.

Twawaonya vijana: mitihani hii ni migumu, na wengi hurudia karatasi moja au mbili. Asione haya arudiaye. Aone haya anunuaye majibu, kwa kuwa huyo ameanza kazi ya ushahidi kwa kutoa ushahidi wa uongo juu yake mwenyewe.

Akisha kupata cheti chake, milango ni mingi. Hospitali ina hesabu, shule ina hesabu, halmashauri ina hesabu, jimbo lina hesabu, na mwenye mabasi vilevile. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounganisha vyama vyao mwaka 1933 wakawa na KNCU, kila kilo ya kila mkulima ilipaswa kuandikwa, maana chama cha ushirika hukaa juu ya mizani na daftari. Ndivyo ilivyo hata leo, iwe ushirika mkubwa au kikundi cha akina mama waketio chini ya mwembe kila Alhamisi na sanduku la akiba.

Tena iko kazi ya ukaguzi, yaani kwenda kuzitazama hesabu zilizoandikwa na wengine na kusema kama ni za kweli. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa yake humfikia Rais, kisha huwekwa mbele ya Bunge, na mwananchi yeyote huweza kujua fedha ya kodi yake imekwendaje. Vijana wengi waanzao kwa kuhakiki stakabadhi katika ofisi ndogo ya wilaya huisaidia kazi hiyo kubwa bila kutajwa majina.

Wako wasemao kwamba kompyuta zimeimaliza kazi hii. Ni kweli kompyuta yajumlisha upesi, wala haigeuzi 45 kuwa 54 isipokuwa mtu ameiandikia vibaya. Na siku hizi hata sadaka huja kwa simu, ikaacha alama yake yenyewe. Lakini kompyuta haijui kama stakabadhi iliyoletwa ni ya kweli au imeandikwa jana usiku nyumbani. Haijui kama mabati 24 yaliyolipiwa yamefika 24. Haiwezi kumwambia mwalimu wake, “Siwezi kuandika hivyo.” Kijana ajifunze kompyuta vema, kwa kuwa asiyeijua hapati kazi, lakini asidhani ndiyo itakayobeba dhamiri yake.

Sasa lile shaka la pili, la mtego. Baba asema kweli: mtego upo, nasi tumekwisha waonyesha kwamba tulinaswa katika kopo la shilingi elfu hamsini na saba. Yuda naye alikuwa mshika mfuko. Hata katika mambo makubwa ya nchi ni hivyo hivyo. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/2006 shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22, katika akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Na kule Marekani, kampuni ya Enron ilipoanguka mwishoni mwa mwaka 2001, ilionekana kwamba madeni makubwa yalikuwa yamefichwa nje ya vitabu. Arthur Andersen, nyumba ya wakaguzi wake iliyoanza mwaka 1913, nayo ilishitakiwa kwa kuharibu hati. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliifuta hukumu, lakini nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwaka 2002. Jina lililojengwa kwa karibu miaka 90 lilikwisha katika miezi michache. Maana mhasibu hana bidhaa nyingine ya kuuza ila kuaminiwa; ikitoka hiyo, duka tupu.

Lakini, ndugu, fikirini vema. Tukiwazuia watoto wetu wema wasiende penye fedha kwa sababu pana mtego, watakwenda wale wasioogopa. Ndipo mali ya hospitali na ya shule na ya wajane itakapokuwa mikononi mwao. Mtu huokoka mtegoni kwa kujiwekea mipaka kabla ya njaa kuja. Basi tumpe kijana huyu mipaka minne, ya kubandika ndani ya jalada la daftari lake la kwanza.

Kwanza, fedha ya watu isikae mfuko mmoja na yako, hata usiku mmoja. Aliyekopa kwa kusema atarudisha Jumamosi amekwisha kuingia njiani. Na mchovya asali hachovyi mara moja.

Pili, usiandike usichokiona. Hapana hati, hapana malipo, hata aombaye akiwa mkubwa wako, au mjomba wako, au mwalimu wako wa katekisimu.

Tatu, omba kukaguliwa. Anayechukia kukaguliwa amekwisha kujishitaki, na asiye na kosa hulindwa na ukaguzi kuliko mtu mwingine yeyote. Muulizeni mama yule mjane.

Nne, ishi kwa kiasi cha mshahara wako. Wengi walioanguka hawakuwa wezi kwa tabia. Walijenga nyumba kubwa kuliko kipato, wakafanya arusi kubwa kuliko kipato, kisha kalamu ikaanza kutafuta njia.

Na faida ya kazi hii? Mshahara upo, na mwenye elimu kamili hakosi mahali. Lakini iko faida nyingine isiyoandikwa katika barua ya ajira. Mhasibu mwaminifu hulala usingizi. Watu humletea mambo yao ya siri kwa sababu wajua hatayauza. Vita vingi vya ndugu juu ya urithi, vya wanachama juu ya akiba, vya waumini juu ya mchango, hukoma mtu wa namna hii anapoketi na kusema, “Leteni karatasi zote.” Huyo ni mpatanishi, ingawa silaha yake ni kalamu na rula.

Wazazi, msingoje chuo. Anzeni leo jioni. Nunueni daftari moja la mtoto wa shule, mpige mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka. Mama aandike unga, baba aandike nauli, na wala asiache kuandika kile akinywacho akiwa na rafiki zake. Mtoto mkubwa ajumlishe kila Jumamosi na kusoma mbele ya wote. Mtoto aliyemwona baba yake akisomewa hesabu bila kukasirika, huyo amekwisha kusoma somo la kwanza la uhasibu, nalo ndilo gumu kuliko yote.

Kwa baba aliyetuandikia twasema: mpe mwanao baraka, aende. Lakini kabla hajafunga sanduku lake, mpeleke akashike hesabu za jumuiya yenu kwa mwezi mmoja, pamoja na mtu mzima. Utamjua, naye atajijua.

Tarehe 21 Septemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Mathayo, aliyeketi kwanza forodhani akitoza ushuru, kisha akaandika Injili. Yeye ndiye msimamizi wa wahasibu wote. Mkono ule ule uliokuwa ukiandika madeni ya watu ulipata neema ya kuandika Habari Njema. Mwombeeni kijana huyu siku hiyo, mwombeeni na binti yetu. Siku hizi ni mkaguzi katika mji wa mbali, na kila arudipo nyumbani huomba kuliona daftari la kigango kabla hajanywa chai.

Nasi twampa, wala hatuogopi tena.

Kaeni na amani ya Bwana.

Katekista wenu